Nilivyoanza kutotolesha vifaranga vya sato mwenyewe

Mwaka 2019 nilichimba bwawa la mita 10 kwa 20 nje kidogo ya mji wa Morogoro, nikapandikiza vifaranga 600 vya sato kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni madume watupu. Mwezi wa tano natupa wavu: wakubwa wa kuhesabika, na utitiri wa vidogo kama dagaa. Sato jike huanza kuzaa angali mdogo, na akishaanza, chakula unachomwaga kinaishia kwa wajukuu.

Nikaamua kutotolesha mwenyewe. Nilitafuta wazazi sehemu mbili tofauti ili wasiwe ndugu, majike 30 na madume 10, nikawaweka kwenye hapa. Hapa ni kizimba cha chandarua kinachosimikwa bwawani. Siku ya kwanza fundi aliposema "leta hapa", nilisogea mikono mitupu.

Kila baada ya siku saba nakagua majike. Sato huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo unamwinamisha juu ya beseni, unampanua mdomo kwa kidole, na mayai ya njano yanamwagika. Ukichelewa unakuta vitoto vinaogelea tayari.

Chupa maalumu za kutotoleshea sikuzimudu. Nilikata vitako vya chupa za maji za lita moja na nusu, nikazipindua, nikapitisha kibomba hadi chini ili maji yapande yakiyageuza mayai polepole. Yakilala tu, ukungu unayavamia. Usiku mmoja umeme ulikatika saa saba, pampu ikazima, na kulipokucha mayai yote yalikuwa meupe kama punje za mchele. Sikunywa hata chai. Wiki hiyohiyo nilipandisha simtanki juu ya kichanja, maji yakawa yanashuka yenyewe.

Kazi iliyonisumbua zaidi ni kupata madume. Vitoto vikishamaliza kiini cha yai kilichobaki tumboni, vinalishwa unga uliochanganywa na methiltestosteroni, homoni ya kiume inayovigeuza kuwa madume, miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Vaa glavu. Awamu ya kwanza nilichelewa kuanza kwa siku kumi hivi. Nilipokuja kupasua samaki 50, majike walikuwa 14. Awamu ya pili niliwahi, nikapata wawili.

Juni na Julai, baridi ya Uluguru ikishuka, wazazi wananuna na mayai yanakuwa haba. Nimewaezekea nailoni, angalau wanazaa kidogo.

Juzi alikuja mama mmoja kuchukua vifaranga 500. Nilikuwa nimevishindisha njaa tangu jana yake ili visichafue maji safarini, nikavifunga kwenye mifuko ya oksijeni.

"Kaka, kweli hawa ni madume?"

"Wengi wao, dada. Majike wachache hawakosekani."

Akacheka, akaniambia mwezi wa nne nije mwenyewe kutupa wavu bwawani kwake.

"Nitakuja," nikamwambia, nikaandika tarehe ukutani.