Mpira wa puli ya konveya ulivyoacha kubanduka

Mpira wa milimita 10 uliobandikwa kwenye puli, yaani ngoma ya chuma inayozungusha mkanda wa konveya, ulianza kuachia kingoni baada ya wiki mbili. Kabla ya kulaumu gundi, geuza kipande kilichobanduka ukitazame. Gundi yote ikibaki kwenye mpira, kosa liko upande wa chuma. Ikibaki kwenye chuma, mpira haukukwaruzwa vizuri. Ikigawanyika pande zote mbili, gundi yenyewe haikukomaa.

Hapa chuma kilikuwa kitupu na kinang'aa. Kilisuguliwa kwa brashi ya waya tu, nayo hung'arisha badala ya kukwaruza. Nilikipiga mchanga kwa kompresa hadi kikawa kijivu kilichofifia, nikakifuta kwa kiyeyusho mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, kisha nikapaka praima ya chuma (rangi ya kwanza ya kushikisha gundi) siku ileile, kabla kutu haijarudi.

Mpira ulikwaruzwa kwa grinda ya mwendo wa polepole. Ukinuka kuungua, umezidisha.

Gundi ni ya sehemu mbili: gramu 40 za kigumishi kwa kilo 1. Mkono wa kwanza wa gundi ukauke kabisa. Wa pili ujaribu kwa mgongo wa kidole: unate kidogo bila kukichafua. Mafundi wengi huharakisha hapa, na kiyeyusho cha gundi kilichonaswa chini hugeuka mapovu. Ukishabandika mpira, pitisha rola kwa nguvu kutoka katikati kwenda kingoni. Asubuhi ya ukungu ahirisha. Umande usioonekana juu ya chuma unatosha kuharibu kila kitu.

Puli iliwashwa baada ya saa 24.