Punda asiye na mzigo

Watu wakinikuta jioni barabara ya Naipanga nikimtembeza punda asiyebeba hata kidumu, swali lao ni lile lile: "Kaka, huyo punda unampeleka wapi?" Nikijibu kwamba simpeleki popote, tunatembea tu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hapa Nachingwea ukimwona mtu na punda, ujue anatoka kuteka maji au anawahi na mzigo wa mtu. Punda wa mazoezi hawajapata kumwona.

Hawa punda si wangu. Wapo walioachwa mnadani wakiwa hawawezi tena kutembea, na wapo waliotolewa kwa wenyewe kwa sababu ya vidonda. Bwana mifugo wa kata akaniomba niwaweke uani kwangu hadi wapatikane watu wa kuwachukua. Sisi Wamwera hatukukua na punda. Wengi waliopo huku wamekuja na wafugaji waliohamia mkoa wa Lindi baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, na kazi yenyewe nimefundishwa na mzee mmoja wa Kimang'ati ambaye hasemi sana. Siku ya kwanza aliniangalia nikimzungusha punda uani na kamba mkononi, akasema, "Mwanangu, acha kumfuata. Simama wewe, aje yeye." Akaenda zake kunywa chai.

Ninaye sasa jike mmoja, watoto wa jirani wanamwita Sikudhani. Alifika na donda juu ya mabega, pale mzigo unapokalia mfupa wa mgongo bila tandiko, na kwato zimerefuka zikajikunja kama kandambili kuukuu. Donda lilipona kwa maji ya chumvi, dawa ya bwana mifugo na uvumilivu. Kwato tulizipunguza kidogo kidogo, maana ukikata zote kwa mara moja unamwachia maumivu mengine. Lakini siku donda lilipofunga, kila mtu akaniambia basi, amepona, mpe mtu. Hapo ndipo ninapogombana na watu. Punda aliyepona ngozi tu, ukimpeleka kwa mgeni akapiga teke siku ya kwanza, siku ya pili atapigwa fimbo, na baada ya muda mfupi utamkuta mnadani tena.

Kwa hiyo tunaanza na mkono. Nasimama pembeni mwa bega lake, mahali anaponiona, naweka kiganja shingoni na kukiacha hapo. Akitulia, nakiondoa. Akihangaika, sikiondoi wala sikandamizi, nasubiri. Siri yote iko kwenye kuondoa: ukitoa mkono wakati anarukaruka, umemfundisha kwamba kurukaruka kunalipa. Kutoka shingoni unashuka begani, mguuni, hadi ukwatoni. Sikudhani alikuwa anakubali mguu wa kushoto na kukataa wa kulia kabisa. Masikio yake ndiyo yaliyoniambia. Likianza kulala sikio la upande niliopo, najua tumefika mpaka wetu wa leo.

Wanasema fadhila za punda ni mateke. Mimi nasema mtu aliyetunga hayo alimpitia punda nyuma kimya kimya. Nyuma ya mkia haoni, na asichokiona anakipiga.

Baada ya mkono ni barabara. Mwanzo mwendo mfupi asubuhi kabla jua halijawa kali, baadaye tunaongeza, tunatafuta kilima kidogo, tunapita mchanga mzito ili misuli ya mapaja irudi. Tandiko tupu kwanza, halafu shogi, yaani mifuko ya kuning'inia pande mbili za mgongo, zenye majani makavu, na uzito mwisho kabisa. Pikipiki tulizianza zikiwa zimezimwa. Kijana wa bodaboda alikubali kuegesha pale uani Sikudhani ainuse, kesho yake akaiwasha ikiwa mbali, na sasa anatupita akipiga honi na punda hageuki. Turubai la korosho linalopepea bado linamsumbua. Dimbwi la maji pia. Akisimama mbele ya dimbwi watu wanasema ni mbishi, kumbe punda akiogopa hakimbii kama farasi, anaganda afikirie kwanza. Ukimchapa hapo unamkatizia hesabu zake, anaanza upya.

Ukiniuliza kwa nini si farasi, jibu ni mbung'o. Nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o, inammaliza farasi haraka, punda anajitahidi zaidi. Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kuona ni mnyama gani angehimili mbung'o wa bonde la Ruvuma. Wengi walifia njiani, na yeye mwenyewe aliwalalamikia askari wake kwamba wanawapiga na kuwabebesha kupita kiasi. Sasa hapo utajuaje kilichoua ni mbung'o au fimbo?

Chakula sisemi sana: mabua, nyasi kavu, maji safi. Msimu wa korosho watoto wananiletea mabibo ndoo nzima kwa upendo, nawapa punda machache na mengine nayarudisha. Sukari nyingi, na pumba nyingi vilevile, zinawaharibia kwato.

Wanaokuja kuwaomba nawachuja. Anayeuliza kwanza "anabeba magunia mangapi?" namkaribisha maji ya kunywa na kumsindikiza. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sheria haikai zizini usiku. Nataka mtu aje amtembeze mwenyewe, amvishe tandiko mwenyewe, aone kwamba punda anavuta kwa kifua na nira ya ng'ombe itamchuna shingo. Na simtoi mmoja. Sikudhani hatembei bila Bandari, dume aliyehasiwa tuliyempata naye. Ukiwatenganisha, mmoja anaweza kugoma kula, na punda akigoma kula mafuta ya mwili yanamiminika kwenye damu, ini linashindwa. Anakufa wakati wewe unadhani amenuna tu.

Kuna mama mmoja wa Mnero amekuja mara kadhaa na binti yake. Mara ya mwisho binti aliinua ule mguu wa kulia, akaushika, akauweka chini polepole, na sikio halikulala. Nikamwambia, mama, hawa wawili ni wenu. Kibali cha kuwasafirisha bwana mifugo ameshaandika. Kinachotuchelewesha ni mkanda wa kifuani wa mkokoteni, fundi viatu anaushona kwa mikanda ya siti za gari, na hataki kuutoa mpaka nimalizie hela yake.