Kumbukumbu ya mradi: unga wa titani kwenye kalibu ya milimita 20

Unga. Tunashindilia unga kwenye kalibu kwa mchi wa presi, kisha tunaoka kipande kinachotoka. Tumejaribu aina mbili za titani safi. Ya kwanza ina chembe za duara, zinazopatikana kwa kupuliza titani iliyoyeyuka kwa gesi ya agoni. Ndiyo inayotumika kwenye mashine za kuchapa metali. Ya pili ina chembe zenye pembe: titani imelishwa haidrojeni hadi ikawa tete, ikasagwa, kisha haidrojeni ikaondolewa kwa joto ndani ya ombwe. Hii ya pili ni rahisi kwa bei, na kwa presi baridi ndiyo pekee inayofaa. Ya duara tuliishindilia kwa shinikizo la megapaskali (MPa) 600, ikatoka kipande, ikavunjikia mkononi. Chembe zake hazina pa kushikana.

Hesabu ya presi. Tani 20 ni nguvu ya kama kilonyutoni (kN) 196. Uso wa mchi wa mm 20 ni mm² 314, kwa hiyo tunapata MPa 620 hivi. Gramu 10 za unga uliomwagwa tu (karibu g 1.5 kwa sm³) zinajaza kalibu kwa kimo cha mm 21. Kalibu fupi haitatosha.

Kipande cha 1 hadi cha 3, gramu 10. Kwa MPa 400 kimo kilikuwa mm 9.3, sawa na 76% ya msongamano kamili wa titani, g 4.51 kwa sm³. Kwa MPa 620 kilishuka hadi mm 8.5, karibu 83%. Nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu, faida ni asilimia saba tu, kwa sababu chembe zikishabanana kinachobaki ni kuzikunja, na titani hugoma kukunjika. Kipande kibichi, yaani ambacho hakijaokwa, pimeni kwa kalipa, msikitumbukize majini: kinanyonya.

Cha 2 kilikatika juu kama kifuniko. Mchi ulishushwa haraka, hewa ikanaswa, na shinikizo likaachiwa ghafla. Cha 3 kilipandishwa taratibu, kikashikiliwa sekunde 30, kikatoka kizima. Kipenyo chake ni mm 20.05, hicho kidogo kilichozidi ni kipande kujinyoosha baada ya kutoka kwenye kalibu.

Stearati ya zinki, ndicho kilainishi chetu, tunapaka ukutani mwa kalibu tu. Ikichanganywa ndani ya unga, kaboni na oksijeni yake huweza kubaki kwenye titani. Na oksijeni si jambo dogo: daraja la 2 la titani safi linaishia 0.25%, la 4 linaishia 0.40%, na kila inapopanda metali huwa ngumu zaidi lakini hainyumbuki. Bila kilainishi napo, titani hugandamana na feleji na kuukwaruza ukuta, na mkwaruzo mmoja hupasua kila kipande kinachofuata.

Kuoka. Ombwe, 1250°C, saa 3, juu ya sahani ya kauri ya zirkonia yenye itria. Kando tuliweka vipande vya titani chakavu vifyonze oksijeni iliyosalia. Kipande cha 3 kilisinyaa hadi kipenyo cha mm 19.04 na kimo cha mm 8.07: zaidi ya 96% ya msongamano kamili.

Kipande cha 4, gramu 30. Hapa ndipo penye shida. Kimo kibichi mm 26, mchi ukisukuma kutoka juu peke yake. Msuguano wa ukuta unakula shinikizo njiani, chini kukabaki kulegea. Baada ya kuokwa kipenyo cha juu ni mm 19.1, cha chini mm 18.8, kwa sababu palipolegea ndipo panaposinyaa zaidi. Kuongeza tani hakutibu hili. Kalibu inayofuata itakaa juu ya springi nne ili ishuke pamoja na mchi, na unga ubanwe kutoka pande zote mbili.

Moto. Tunatumia unga wa hadi mikroni 150. Ulio chini ya 45 unashika moto kwa cheche ya umeme tuli. Ndoo ya chumvi kavu iko karibu na mizani. Maji hapana: titani inayowaka huyapora oksijeni na kuacha haidrojeni.