Ligi ipi ina ushindani zaidi kwa vijana wetu?

Msimu huu kijana wangu wa miaka 13 amecheza ligi mbili za kanda, ya daraja la chini kisha ya juu, nami nimekaa pembeni ya uwanja kila wikiendi nikilinganisha. Nilidhani tofauti ingekuwa kwenye chenga na mashuti. Kumbe ni muda. Kule chini kiungo anapokea mpira, anageuka, anainua kichwa, ndipo anaamua. Kule juu asipoangalia nyuma kabla pasi haijamfikia, ameshanyang'anywa.

Msimamo wa ligi ulinipotosha. Kinara wa ligi ya chini alikuwa anafunga 8-0, 9-1, tukaamini ni moto. Sasa naitazama kwanza timu ya mkiani: ikimsumbua kinara hadi dakika za mwisho, hiyo ligi ni ngumu kweli.

Halafu kuna miili. Umri ukihesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, wa Januari na wa Desemba wanagombea nafasi ileile kikosini, na mara nyingi huchaguliwa aliyetangulia kukua. Wangu ni wa Novemba. Inaniuma sana kuona mtoto anayeujua mpira anaachwa kwa sababu tu hajarefuka.

Wazazi wenzangu, vijana wenu walipopanda daraja walichukua muda gani kuzoea ile kasi?