Bia ya ndoo, beseni na sufuria ya pilau

Ndoo yangu ya kwanza ya bia niliimwaga chooni, lita 23 zote. Nilikuwa nimeshajitangaza kwa Wachaga wenzangu hapa Leeds kwamba Krismasi hii bia inatoka kwangu. Ilinuka kama bandeji iliyofunguliwa sasa hivi, na ukimeza inaacha ukali wa spiriti kooni. Rafiki yangu mmoja alionja, akarudisha glasi mezani taratibu, akauliza kama kuna soda.

Vifaa nilivinunua kwa pauni 65: ndoo 2 za plastiki zenye mifuniko, mpira wa kuhamishia bia, haidromita ya kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, kipimajoto, kifaa cha mkono cha kufungia vizibo, na kopo la kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kilichopikwa mpaka kikawa kizito kama asali. Unakiyeyusha kwa maji ya moto, unatia sukari, unajaza maji ya bomba, unanyunyiza hamira, umemaliza. Kisheria hakuna tatizo. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963, ilimradi huuzi. Baada ya aibu ile nikajiaminisha kwamba tatizo ni ndoo. Nikaanza kukusanya hela za ovataimu ninunue mtungi wa umeme wa pauni 400, ule unaopika, kuchuja na kupoza wenyewe.

Aliyeninusuru ni shangazi yangu wa Kibosho, Kilimanjaro. Huyu mama amepika mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu sijazaliwa. Nilipiga simu kusalimia, kumbe habari zimenitangulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia umemwaga pombe. Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Kwenye kabati la tanki la maji ya moto. Karatasi ya maelekezo ilisema iwekwe mahali pa joto."

"Na wewe ukaisikiliza karatasi. Basi ungeipa karatasi ikanywe."

Nilikata simu nikacheka, halafu nikaenda kupima. Mle kabatini ni nyuzi 25. Niliyokuwa sijui ni kwamba hamira ikishakolea kazi inatoa joto lake yenyewe, na bia ndani ya ndoo huweza kupita joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Hamira ya bia za Kiingereza inataka 18 hadi 20. Ikipelekwa karibu na 30 inatengeneza vileo vizito, ndivyo vile vinavyochoma koo.

Kwa hiyo pesa yangu ya kwanza ya kuboresha haikwenda kwenye mtungi. Nilichukua beseni kubwa la kufulia, nikalijaza maji hadi nusu, nikaitumbukiza ndoo humo, nikaivisha fulana kuukuu iliyoloa ambayo pindo lake linagusa maji. Maji mengi hayabadiliki joto upesi, na fulana ikikauka inapoza, mambo yale yale ya mtungi wa udongo nyumbani. Siku ya joto natia chupa 2 za barafu majini, asubuhi na jioni. Wakati wa baridi shida inageuka, nyumba inashuka hadi nyuzi 14 tukizima hita usiku. Hapo natumia kile kihita cha matangi ya samaki wa mapambo, wati 100, nilichokinunua mitumba kwa pauni 6. Nakitumbukiza kwenye maji ya beseni, si kwenye bia, na kukiweka nyuzi 19.

Ule mnuko wa bandeji nao ulikuwa na mwenyewe. Nilisafisha ndoo kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo na kuisuuza mara moja tu, kisha nikajaza maji ya bomba ambayo nayo yana klorini. Klorini ikikutana na viambato vya kimea inazaa harufu ya dawa, na unahitaji chembe kidogo sana ili pua iinase. Sasa natumia dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, chupa moja inanipeleka mwaka mzima, na maji nayatia nusu kidonge cha Campden, kinachoondoa klorini, dakika chache kabla ya kupika. Vidonge 50 ni chini ya pauni 3. Sijawahi kununua kitu rahisi hivyo kilicholeta tofauti kubwa namna hiyo.

Baada ya hapo ndipo nikaacha makopo. Sufuria ninayo, ile ya lita 20 tunayopikia pilau kwenye misiba na harusi. Jiko langu la umeme haliwezi kuchemsha lita 20, limejaribu likashindwa, kwa hiyo napika lita 10. Nilinunua kitambaa cha pazia chepesi cha polista kwa pauni 3, mke wangu akashona mfuko wa kuenea sufuria nzima. Maji lita 14 yakifika nyuzi 70 natumbukiza mfuko, namimina kimea cha shayiri kilichosagwa, kilo 2.2, nakoroga mabonge yaishe. Joto linatulia kwenye 66. Nafunika, naviringisha sufuria kwa duveti, naiacha saa nzima. Ukifunua, uji umekuwa togwa: mtamu, wa rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ilinirudisha Kibosho moja kwa moja. Nauinua mfuko, naukamua, machicha nayaweka pembeni. Nyumbani ni ya ng'ombe. Hapa nachanganya kidogo kwenye unga wa mkate na mengine yanaenda kwenye pipa la bustani, roho ikiniuma.

Halafu nachemsha saa moja na hopsi, gramu 20 za aina ya Fuggle mwanzoni, 10 mwishoni. Shangazi aliuliza hopsi ni nini, nikamwambia ni maua yanayotia uchungu. "Kumbe msesewe," akasema, akimaanisha magome ya mti yanayotia uchungu kwenye mbege, na mada ikaisha. Kupoza ni ndani ya sinki la bafuni lenye maji baridi na barafu, kama dakika 40.

Kosa jingine lilikuwa chupa. Nilikuwa natia sukari ya kuzalisha gesi kwa kijiko, chupa moja moja, na 2 zikapasuka chini ya sinki usiku wa manane. Siku hizi napima gramu 50 kwa lita 10 kwenye mizani ya jikoni, nayeyusha kwa kikombe cha maji yaliyochemka, namimina kwenye ndoo ya pili, bia inaingia juu yake kwa mpira polepole bila kurusha povu. Na sifungi chupa mpaka haidromita inipe namba ile ile siku 3 mfululizo. Ya mwisho ilianza 1.046 ikasimama 1.011, yaani kama asilimia 4.6.

Nimehesabu risiti: maboresho yote ni pauni 31. Mtungi wa umeme bado unanitamanisha, sitadanganya, hasa siku ya kukamua mfuko wa moto kwa mikono miwili. Ila kwa sasa kuna lita 10 bafuni, nyuzi 19, zinatoa mapovu, na mke wangu amenipa hadi Ijumaa niwe nimeondoa beseni lake la kufulia.