Asubuhi ya Tini, Jabal Akhdar

Ramadhani iliyopita tulifuturu kwa tini kavu kutoka Uturuki, zile zinazobanwa zikawa bapa na kutungwa kwenye uzi, na kitinda mimba wangu alipotafuna ya kwanza alisita, akaniuliza kama zilianikwa mchangani, maana zilikuwa zikimlia menoni. Nilimweleza kwamba zile ni mbegu, na kwamba tini huyaficha maua yake yote ndani, mamia ya maua madogo yasiyopata kuliona jua, na kila mbegu anayoitafuna ilianzia katika ua lake. Aliridhika, akachukua nyingine. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kula. Surat Tin niliihifadhi chuoni nikiwa mdogo kuliko yeye, miaka mingi kabla ya kuliona tunda lenyewe likiwa juu ya mti, na swali lake lilinirudisha kwenye asubuhi ile ya Jabal Akhdar, milimani Omani, niliyokwenda kuchuma tini pamoja na Mama Mkubwa.

Ulikuwa mwezi wa Julai, joto la Maskati limepita nyuzi 40, na Mama Mkubwa alikuwa ameshikilia kwamba sitarudi Unguja kabla hajanipandisha mlimani kwa shemeji zake. Yeye aliondoka Unguja akiwa mwari, baada ya Mapinduzi ya 1964, akazunguka kwingine kabla ya kuingia Omani na mumewe katika miaka ya sabini, wakati Sultan Qaboos alipokuwa akiwapokea watu wenye asili ya Omani kama wao. Tulipita Nizwa, tukafika Birkat al-Mouz, ambako polisi huyarudisha magari yasiyoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kisha tukapanda kona baada ya kona mpaka Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, ambako usiku ule nilijifunika blanketi mwezi wa Julai.

Bustani za kule zimejengwa kwa ngazi kwenye ubavu wa jabali, kila ngazi na ukuta wake wa mawe, na maji ya falaji, ule mfumo wa kale wa kumwagilia mashamba, hushuka kwa mifereji kutoka shamba moja hadi jingine, kila mwenye shamba akiwa na zamu yake. Machipuko ni msimu wa mawaridi ya kutengenezea marashi. Kiangazi kikikaribia mwisho, watu huanza kuvuna makomamanga. Tini huja katikati. Mitini ya shemeji zake ilisimama pembezoni mwa ngazi, karibu na mfereji, na hakuna aliyeiita zao la biashara. Ilikuwa miti ya nyumba: ya kula wenyewe, na ya kumlisha mgeni.

Mama Mkubwa aliniamsha baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijagusa ukuta wa juu. Alisema tini huchumwa ikiwa bado na baridi ya usiku, kwa sababu likishapanda jua ngozi hulegea na tunda hupondeka kwa uzito wake lenyewe. Alinitaka nivae mikono mirefu ingawa tulikuwa wawili tu bustanini, kwa kuwa utomvu wa majani ya mtini ukiingia mwilini na jua likaupiga, ngozi huungua na kuacha alama. Mwenyewe alivaa kanga mbili za Unguja juu ya gauni lake la Kiomani, moja kiunoni na moja begani, na akachukua ungo wa makuti uliotandikwa majani ya mtini.

Kisha alisimama mbele ya mti, wala hakugusa kitu. Nilidhani anasoma dua. Alikuwa akitazama shingo za matunda. Akaninong'oneza, kana kwamba tini zingetusikia, "Mwanangu, usianze kwa vidole. Tini ukiibonyeza umeshaiharibu, hata kama hukuichuma. Anza kwa macho." Akanionesha tunda moja kubwa, la rangi ya zambarau iliyokoza, limejaa na kung'aa, limesimama wima kwenye kikonyo chake, hilo, alisema, bado. Kisha akainua jani, na chini yake palikuwa na tini nyingine ambayo mimi ningeipita bila ya kuitazama mara mbili. Shingo yake ilikuwa imekunjika na tunda lote limeinama kuelekea ardhini, ngozi imefifia na kupasuka michirizi myembamba myeupe, na kwenye jicho lake, kile kitundu kilicho chini, lilining'inia tone moja la asali. Aliliangalia jicho lile kwa karibu, akalipuliza taratibu kuhakikisha kwamba sisimizi hawajamtangulia, kisha akaliweka tunda kiganjani na kuliinua kwenda juu, bila ya kulivuta. Likaachia lenyewe. Akanigeuzia kikonyo nione: kilikuwa kikavu. "Kingetoka maziwa," akasema, "tungekuwa tumeidhulumu."

Baadaye nilielewa kwa nini alitumia neno zito hivyo. Embe hulichuma likiwa limepevuka tu, ukalifukia kwenye majani, likaivia ndani ya nyumba. Tini haina muhula huo. Ikichumwa changa hubaki changa. Italainika kidogo, lakini utamu haiongezi, na yale maziwa meupe ya kikonyo yana kimeng'enya kinachomung'unya nyama, ndiyo maana tini isiyoiva huuchoma ulimi na kuiwasha midomo. Mtu anayetaka tini nzuri hana budi kwenda kwenye mti siku ile ile, na pengine saa ile ile, maana ukichelewa ndege wamekwisha kufika.

Hakuiosha. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akaipasua kwa vidole gumba kuanzia kwenye jicho, ikafunguka pande nne zilizoshikana kwenye shingo, na ndani palikuwa na wekundu wa waridi uliolowa, umejaa mbegu za rangi ya dhahabu. Akanipa. Ilikuwa ya baridi. Kilichonishika kwanza hakikuwa utamu bali harufu ya kijani, ya jani lililokatwa muda huo, kisha ndipo utamu ukaja polepole na kutanda, na ngozi ikabaki mwisho kinywani na ukakasi mdogo uliouzuia utamu usichoshe. Nilimuuliza kama ngozi huliwa. Akacheka, akasema wako wanaoimenya, na kwamba yeye huwaonea huruma. Tulikula tumesimama, bila ya kuzungumza, mfereji ukipita miguuni mwetu, na sijapata kula tunda jingine kwa makini ya namna ile.

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nataka kumchukulia Mama. Wao ni ndugu wa tumbo moja, na Mama hakuwahi kuliona tunda la tini ila lile kavu. Mama Mkubwa hakujibu mara moja. Alichuma tatu nne zaidi, akizipanga kwenye ungo bila ya kuziegemeza moja juu ya nyingine, kisha akasema hazitafika. Tini mbivu hukaa siku moja, na mahali penye baridi labda mbili au tatu, halafu huchachuka. Na ukitaka kuzichuma ngumu ili zivumilie safari, utakuwa umempelekea mtu tunda lisilokuwa tini. Niliona kwamba hakufurahi kulisema hilo.

Basi tukazipika. Usiku alizikata vipande na kuzilaza kwenye sukari, nusu ya uzito wake, mpaka asubuhi zikawa zimejitolea shira. Akaziweka kwenye moto mdogo, akakamulia ndimu kwa sababu tini haina ukali wake wenyewe, akatia iliki na kijiti cha mdalasini, akakoroga kwa mwiko akiangalia zisigande chini. Kila mara alidondosha tone kwenye kisahani cha baridi, na tone lilipoacha kutawanyika akaepua. Chupa zile zilisafiri katikati ya nguo zangu, na Mama alizifungua siku niliyofika.

Alionja kijiko, akaonja kingine, akasema, "Dada bado anazidisha iliki." Wakapigiana simu usiku ule, wakabishana kwa furaha juu ya iliki ya marehemu bibi, ilikuwa ikitwangwa na maganda au bila ya maganda, na tini hazikutajwa hata mara moja. Nilikuwa nimekusudia kumletea tunda, na nikaona nimemletea jiko la kwao. Sijaamua mpaka leo kama nilifanya vyema kukubali zipikwe, au kama ingefaa kuziacha kule kule na kumshawishi Mama apande ndege. Mama alifurahi, hilo sina shaka nalo, lakini ile harufu ya kijani ilikwishia kwenye sufuria. Siku ya pili aliniuliza tini iliyochumwa muda ule ina ladha gani hasa. Nikaanza kumweleza. Akauliza, je, ni kama stafeli? Nikasema hapana, stafeli ina uchachu. Kama zambarau? Hapana, hiyo inakausha ulimi. Kama fenesi, basi? Harufu ya fenesi ni nzito mno. Tuliendelea hivyo, yeye akitaja na mimi nikikanusha, mpaka tukayamaliza matunda yote ya Unguja.