Tazama herufi ya mwisho kabla hujalipia prosesa

Mtoto wa khalati yangu yuko Chake, kazi yake kupiga video za harusi, juzi kanitumia voisi anasema kaka mie nshajichanga, nataka niunge deskitopu yangu mwenyewe, nitafutie prosesa (ndo ubongo wa kompyuta) ya Intel, i7. Nikamuuliza i7 ya mwaka gani, akasema "i7 tu, si ndo kubwa?"

Jamani hapa ndo wengi tunapoliwa pesa zetu. Hiyo 7 peke yake haikwambii kitu. Ukizunguka mjini utakuta deskitopu za mtumba zilizotoka maofisini, ndani mna i7-4770, hiyo ni prosesa ya 2013, kori 4 (ndo vichwa vya kufanyia kazi) na thredi 8 (kazi zinazokwenda kwa pamoja), ramu yake DDR3 ya zamani. Sasa ichukue i3-12100 ya 2022, nayo kori 4 thredi 8, lakini ile i7 inaachwa mbali kwa sababu kori moja ya sasa inamaliza kazi nyingi zaidi kwa muda ule ule. Na Windows 11 kirasmi haiitambui hiyo i7, na Windows 10 Microsoft washaacha kuitolea apdeti za bure za kawaida toka 14 Oktoba 2025. Kwa hivo soma namba nzima, zile tarakimu za mbele ndo zinakwambia kizazi: 4770 ni cha 4, 12100 ni cha 12.

Halafu kuna herufi ya mwisho, na hii mie imenitoa machozi. Ya kwanza kuunga niliagiza i5-12400F, ndugu yangu akaja nayo kutoka Dubai kwenye begi la mkono, nikakaa chini sebuleni usiku, nikaipanga vizuri kwenye soketi, nikafunga feni, nikawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Nikatoa ramu nikarudisha, nikabadilisha waya, nikabadilisha skrini, siku tatu sikulala vizuri nikijua nimeua madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Siku ya nne nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja mpole sana, hata mashine hakuifungua, akaniomba boksi la prosesa, akaliweka juu ya meza, akaweka kidole kwenye ile F. "Mwanangu, hii haina picha ndani yake." F kwa Intel maana yake sehemu ya kutoa picha haifanyi kazi, lazima uwe na grafiki kadi, na mie pesa ya kadi nilikuwa sina. Aliyeniuzia hakunambia na mie sikuuliza.

Kwa kijana wetu nimemwambia achukue i5-12400 isiyo na F. Kori 6, thredi 12, na kwake yeye ile picha ya ndani si ya kuonyesha skrini tu. Kamera yake inarikodi H.265 ya 4:2:2 biti 10 (video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi), faili nzito kwelikweli, ukiiburuta kwenye taimlaini inakatakata, lakini Intel toka kizazi cha 11 wanazo Quick Sync zinazofungua faili za namna hiyo moja kwa moja, na Premiere, programu anayohariria, inajua kuzitumia. Ryzen 5 5600G ya AMD, wapinzani wa Intel, ni prosesa nzuri, nayo kori 6, ina picha ndani (hiyo G ndo yenyewe, 5600 tupu haina), na madabodi za soketi yake, AM4, zimezagaa, ila kwenye 4:2:2 haikusaidii, mzigo wote unaangukia kori. Angekuwa anahariri video za simu ningemwambia chukua G, nunua ramu mbili za 8 usichukue moja ya 16, kwa sababu picha ya ndani inaazima ramu, na vipande viwili vinapitisha data kwa njia mbili.

Akaniuliza mbona rafiki yake ana i7-12700K (K ni ile inayokuruhusu kuizidisha kasi mwenyewe). Sawa, ni kali, lakini K haiji na feni kwenye boksi, na ikipandisha kasi inakula mpaka wati 190. 12400 mwisho wake 117. Chumba chake hakina ac, na kaskazi ya Januari unaijua, unaamka saa nane usiku shuka limerowa. Hapo joto la prosesa linageuka joto lako, inajipunguza kasi yenyewe na pesa ya K umeitupa. Hiyo tafauti ya bei anunue UPS ya maana, umeme ukikatika arusi ya mtu iko asilimia 90 ya kurenda (kuitoa video ikiwa kamili) utaijutia.

Jana usiku kanitumia picha ya boksi kutoka dukani kabla hajalipa. Nikaivuta kwa vidole viwili mpaka mwisho wa namba. 12400, halafu patupu. Nikamwandikia lipa.